Mwanga wa Kutosha kwa Mimea ya Tangi la Samaki

Mara kwa mara mtu hunitumia picha ya tangi lake la samaki akiomba ushauri. Mimea imerefuka na kukonda kama mtu aliyetoka kuumwa, majani ya chini yameoza, na kioo chote kimeshika utelezi wa kijani. Swali huwa lile lile: "Kaka, ninunue taa kubwa zaidi?"

Ukiitazama vizuri, picha hiyo ina kesi mbili zinazopingana. Mmea uliokonda unalilia mwanga. Kioo cha kijani kinalalamika kwamba mwanga umezidi. Inawezekanaje yote mawili yawe ndani ya tangi moja? Ninapomuuliza mwenye tangi taa anaiwasha saa ngapi na kuizima saa ngapi, jibu hutoka: anaiwasha akiamka, anaizima akienda kulala. Yaani taa dhaifu inakaa saa 15 au 16. Mmea wenye majani unahitaji mwanga ufikie nguvu fulani ndipo utengeneze chakula kingi kuliko unachotumia. Chini ya hapo, hata ukiuwasha siku nzima unaishi kwa kula akiba yake. Mwani, yaani ule utelezi wa kijani, hauna makuu. Huo hutosheka na mwanga hafifu, mradi ni wa muda mrefu.

Kwa hiyo shika hili tangu mwanzo: nguvu ya taa ni jambo moja, na saa za taa ni jambo jingine. Upungufu wa nguvu haulipwi kwa kuongeza saa. Hatua zote zinazofuata zinasimama hapo.

Hatua ya 1: Chagua mimea kwanza, taa baadaye

Wengi hununua taa halafu wanatafuta mimea. Geuza mpango huo, maana mimea haifanani hata kidogo.

Anubias huota kandokando ya vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, Kameruni na Gabon zikiwemo, chini ya miti mikubwa. Imezoea kivuli. Jani lake ni gumu, jipya huchukua wiki kadhaa kutoka, na ukilipiga mwanga mkali linashika mwani kabla halijakua. Kangaga wa Java, mosi wa Java na Cryptocoryne nyingi ziko kundi hilo hilo la mwanga mdogo. Kama hili ni tangi lako la kwanza, anzia hapa na usione aibu.

Kundi la kati lina mimea ambayo kwetu si migeni. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, inaota yenyewe Ziwa Tanganyika. Ceratophyllum, unaofanana na mkia wa paka aliyeshtuka, utaukuta Ziwa Victoria. Hata yungiyungi mdogo anayeuzwa kwa ajili ya matangi ana ndugu zake kwenye mabwawa yetu. Hawa wanataka mwanga wa wastani na wanakua haraka, jambo ambalo ni zuri, kwa sababu mmea unaokua haraka unanyonya uchafu wa samaki kabla mwani haujaupata.

Kisha kuna wale wa kifahari: Hemianthus ya Cuba inayotandaa chini kama zulia, Rotala zinazogeuka nyekundu. Hizo zinataka mwanga mkali, hewa ya ukaa ya kuongezwa kwa mtungi, na mbolea ya majimaji kwa ratiba. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vitatu, unachokuza ni mwani wa gharama kubwa.

Magugu maji usiyalete nyumbani. Yanataka jua kali, yanafunika uso wa maji yote, na yameshaisumbua Ziwa Victoria vya kutosha.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa tangi ukiwa na jua kichwani

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa nimepanga nyumba Dar es Salaam, nikaliweka tangi chini ya dirisha linalotazama kaskazini. Ilikuwa Februari. Dirisha lile halikuwa likipata jua kabisa, maji yalikuwa safi kama ya chupa, nikajisifu. Upepo wa kusi ulipoingia mambo yakabadilika. Kufika Juni maji yamekuwa kijani kama ya bwawa la bata, nisimwone hata samaki mmoja. Nikalaumu chakula, nikalaumu chujio, nikabadilisha maji kila siku ya pili. Siku moja nikabaki nyumbani na homa, na saa sita mchana nikaliona jua lenyewe limekaa juu ya kioo cha tangi kama mgeni aliyezoea.

Kumbe jua letu huhama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho, na kwa mwinamo huo linachungulia ndani ya dirisha la kaskazini. Desemba huwa upande wa kusini, lakini juu zaidi. Mombasa na Nairobi hali haitofautiani sana. Kwa hiyo dirisha usilipime kwa siku moja. Jiulize litakuwaje miezi 6 ijayo. Madirisha ya mashariki na magharibi hayana haja ya kuulizwa: yatapigwa na jua mwaka mzima, asubuhi au jioni.

Jua la moja kwa moja lina matatizo mawili. Huwezi kulipunguza wala kulizima, na linachemsha maji. Pwani maji ya tangi hufika nyuzi 30 bila msaada wa mtu; ukiongeza jua, samaki wanaanza kuhema juu juu kwa sababu maji ya moto hayashiki oksijeni vizuri. Weka tangi kwenye ukuta usiofikiwa na jua, halafu mwanga wote utoke kwenye taa unayoitawala wewe.

Na usidanganyike kwamba "sebule yangu ina mwanga". Jicho hujirekebisha. Nje adhuhuri kuna lux (kipimo cha mwanga unaotua mahali) 100,000 au zaidi. Kwenye kona ya sebule mara nyingi hazifiki 200, na bado unasoma gazeti vizuri tu. Mmea hausomi gazeti.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Ile kanuni ya zamani ya kuhesabu wati kwa kila galoni ilitungwa enzi za taa za tyubu. Kwa taa za LED haina maana tena, kwa sababu wati zinaonyesha umeme unaoliwa, si mwanga unaotoka. Siku hizi tunahesabu lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, kwa kila lita ya maji:

– Mimea ya kivuli: lumeni 10 hadi 20 kwa lita.
– Mimea ya kati: lumeni 20 hadi 40 kwa lita.
– Mimea ya mwanga mkali: zaidi ya 40, na hapo hewa ya ukaa si hiari.

Tuchukue tangi ambalo fundi vioo yeyote anaweza kukutengenezea: futi 2 kwa futi 1 kwa futi 1. Kwa sentimita ni 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Toa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, unabaki na lita 45 hivi. Ukitaka Anubias na Cryptocoryne, 45 mara 20 ni lumeni 900. Ukitaka kuongeza Vallisneria, 45 mara 30 ni lumeni 1,350. Taa ya LED ya kawaida hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati, kwa hiyo unatafuta taa ya wati 10 hadi 15. Basi. Si 50.

Kimo cha tangi kinabadilisha hesabu. Kadiri taa inavyokuwa mbali na changarawe ndivyo mwanga unavyotawanyika njiani. Tangi likiwa na kimo cha sentimita 45, lenga namba ya juu ya kundi lako. Likiwa na sentimita 60, achana na ndoto za zulia la chini. Panda mimea mirefu, au funga Anubias kwenye magogo yaliyo karibu na uso wa maji.

Kama una simu yenye kihisi cha mwanga, unaweza kuhakikisha. Kuna programu za bure zinazosoma lux. Fanya hivi kabla ya kujaza maji: tandaza changarawe, washa taa, laza simu ndani ya tangi juu ya changarawe, uso ukitazama juu, subiri namba itulie. Pima katikati, kisha kwenye kona zote. Kwa taa nyeupe ya LED, lux 1,000 hadi 2,000 zinatosha mimea ya kivuli. 2,000 hadi 3,500 ni kwa mimea ya kati. Wale wa kifahari wanataka 5,500 na kuendelea. Simu hutofautiana, hivyo ichukue kama makadirio tu. Lakini kona ikisoma robo ya katikati, hilo haliwezi kuwa kosa la simu, na hapo pembeni ndipo pa kuweka Anubias.

Hatua ya 4: Nunua kwa macho makavu

Soma rangi ya mwanga kwenye boksi. Tafuta kelvini 6,500 au karibu na hapo, ule weupe wa mchana. Taa ya njano ya kelvini 3,000 nayo inakuza mimea, ila maji yataonekana kama chai ya rangi. Taa za bluu zinazouzwa pamoja na matangi ya urembo usizitegemee kukuza majani. Zile za zambarau zinaotesha kweli, lakini samaki wako wataonekana kama wako disko, na tangi la sebuleni huwekwa litazamwe.

Kama mfuko hauruhusu taa maalumu ya tangi, mimi napendekeza bila kusita taa bapa ya LED ya nje, ile inayofungwa ukutani kumulika geti. Ni rahisi kupatikana, kipande cha chuma nyuma yake kinapoza joto, na nyingi zimeandikwa IP65, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushiwa haziogopi. Kuzama ndani ya maji ni habari nyingine. Hazikutengenezwa kwa hilo.

Tatizo ni kwamba boksi husema uongo. Nimewahi kununua taa ya "wati 50" iliyokuwa na mwanga wa kushangaza dukani na mwanga wa kawaida nyumbani. Mita ya LUKU ndiyo iliyonipa ukweli, na ya tokeni kule Kenya itafanya kazi ile ile. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Nyingi huandikwa 1000. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja za simu pia, acha taa moja tu. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Kwa mita ya 1000, jibu ni wati. Yangu ilichukua dakika 4 kupepesa, yaani sekunde 240. Wati 15. Sikuirudisha dukani, maana kwa tangi langu wati 15 ndizo zilizohitajika, lakini tangu siku hiyo sisomi boksi bila mita.

Gharama ya umeme isikutishe. Taa ya wati 12 kwa saa 7 kila siku inakula uniti mbili na nusu kwa mwezi. Pampu isiyozimwa kamwe mara nyingi huishinda.

Hatua ya 5: Funga taa bila kujiua

Maji na umeme wa volti 230 havina undugu. Kabla ya kitu chochote, angalia waya. Uache uning'inie chini kidogo kuliko soketi ndipo upande kuingia kwenye plagi. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondokea sakafuni pale kwenye mpindo badala ya kuingia ndani ya soketi. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya tangi. Nyumba yako ikiwa haina swichi inayokata umeme unapovuja, mwite fundi umeme aifunge. Na kila unapoingiza mkono ndani ya maji, chomoa taa kwanza, hata kama ni kutoa jani moja.

Taa ya bapa ining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, la sivyo utapata duara kali katikati na giza pembeni. Ile ndefu ya tangi inatosha kuinuliwa sentimita 5 hadi 10. Kuinua taa pia ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupunguza nguvu, kwa taa isiyo na kitufe cha kufifisha.

Kifuniko cha kioo kifute kila wiki. Maji ya visima vingi vya Dar na Mombasa yana chumvi na chokaa. Matone yakikauka juu ya kioo huacha ukungu mweupe usiotoka kwa kitambaa kikavu. Siki na maji hutoa. Nimeona taa ikilaumiwa miezi mitatu, kumbe kosa ni la kioo. Mimea inayoelea nayo ni pazia: ikifunika zaidi ya nusu ya uso wa maji, ipunguze.

Hatua ya 6: Panga saa, kisha uziheshimu

Wiki tatu za kwanza washa saa 6 tu kwa siku. Mimea bado inaota mizizi, haiwezi kutumia mwanga mwingi, mwani unaweza. Baada ya hapo ongeza nusu saa kila wiki mpaka ufike saa 8. Kwa mimea ya kivuli mimi huishia saa 7. Watu husema mimea ya tropiki imezoea mchana wa saa 12, na ni kweli, lakini huko porini asubuhi na jioni jua huwa limelala, na maji ya mto yanapita badala ya kutuama pamoja na kinyesi cha samaki.

Saa hizo 7 ziweke wakati upo nyumbani. Saa tisa alasiri hadi saa nne usiku inafaa kwa mtu wa kazi za ofisini. Kuna faida gani taa kuwaka saa mbili asubuhi ukiwa kwenye foleni? Usiku taa izimwe kabisa. Samaki nao hulala.

Usitegemee kumbukumbu yako, nunua taima. Lakini kuna mtego hapa ambao maelekezo ya watu wa nchi za nje hayautaji. Taima ya kuzungusha, ile yenye duara la vipini vidogo, hutembea kwa umeme wa soketi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa 3, nayo inasimama kwa muda huo huo, na ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Baada ya wiki moja ya mgao utaamka saa tisa usiku ukute tangi linang'aa. Nunua ya dijitali yenye betri ndani, inayokumbuka saa hata gizani. Ukishindwa, jizoeze kuirekebisha kila umeme unaporudi.

Umeme wenyewe kukatika siku nzima usikutie hofu kwa upande wa mimea. Itavumilia giza la siku mbili tatu bila neno. Hofu yako iwe kwa samaki na pampu ya hewa. Na umeme ukirudi usifidie kwa kuwasha taa saa 14. Rudi kwenye ratiba yako.

Hatua ya 7: Isome mimea

Jani la zamani lililoharibika haliponi, kwa hiyo likate. Tazama machipukizi.

Umbali kati ya jani na jani kwenye shina ukizidi kurefuka, na shina linakimbilia juu huku chini pakibaki uchi, nguvu ya taa haitoshi. Shusha taa au ongeza nyingine, saa usiguse. Majani yakiota karibu karibu lakini yanashika nukta za kijani ngumu au vindevu vyeusi ukingoni, mwanga umezidi chakula kilichopo. Punguza saa moja, au inua taa sentimita 10.

Tangi jipya likipakwa vumbi la kahawia wiki za mwanzo, lifute na kulisahau; hupita lenyewe. Cryptocoryne ikiyeyuka majani yote siku chache baada ya kupandwa, usiing'oe na wala usiilaumu taa. Ni tabia yake kila inapohamishwa, na mzizi ukiwa mzima itachipua. Mimea mingi ya dukani, isitoshe, ilikuzwa shambani majani yakiwa nje ya maji; majani hayo hufa yakizamishwa, na ya majini huota badala yake.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kisha ngoja wiki mbili. Ukishusha taa, ukaongeza mbolea na kupunguza saa siku moja, hutajua kilichosaidia wala kilichodhuru.

Sasa nirudi kwa yule wa picha. Taa yake nilimwambia aipime kwa mita ya LUKU. Ikatoka wati 6 kwa tangi la lita 120. Hakuhitaji taa kubwa ya kutisha, alihitaji nyingine mbili za wati 10 zilizopangwa kushoto na kulia, na taima ya saa 6. Alikata majani yote yaliyooza, akafuta kioo, akabadilisha nusu ya maji. Wiki ya tano alinitumia picha nyingine: Vallisneria imetoa vitoto vinne kando ya jiwe. Kioo cha nyuma bado kilikuwa na kijani kidogo, nikamwambia akiache, konokono nao wanakula.